Namna ya kusoma hukumu ya kesi ya katiba kabla hujaiandikia maoni

Kijana wa mafunzo akiniletea makala juu ya hukumu, simuulizi kesi ilihusu nini. Namuuliza mahakama imeamuru nini. Wengi hukohoa. Wamesoma vipande vilivyosambaa kwenye simu, wamependa aya mbili tamu za jaji, wakaandika kurasa nne za shangwe au za hasira. Ukurasa wa mwisho, ule wenye amri, hawajaufikia.

Mimi ni wakili wa kujitegemea, na sehemu ya kazi yangu kwa miaka mingi imekuwa kupitia maoni ya kisheria ya wenzangu kabla hayajatoka. Haya ninayoyaeleza ndiyo ninayowafundisha wanaokaa kwenye meza ile ndogo ofisini kwangu. Yanahusu kesi za Tanzania, hasa zinazodai haki zilizo katika ibara ya 12 hadi ya 29 ya Katiba ya mwaka 1977. Haki hizo ziliingizwa kwenye Katiba mwaka 1984, lakini mwananchi hakuweza kuzidai mahakamani hadi Machi 1988, kwa hiyo hazina hukumu nyingi kama watu wanavyodhani. Mtu mwenye bidii anaweza kuzisoma zile kubwa zote, na akiandika bila kuzisoma hana kisingizio.

Jambo moja ndilo linalobeba mengine yote: mahakama hujibu swali lililoletwa mbele yake. Jaji anaweza kutamka mengi njiani, lakini linalofunga ni jibu la swali lile. Ukiandika maoni bila kulipata swali, utaishia kuisifu au kuilaumu mahakama kwa jambo ambalo haikuombwa kuliamua.

Anza kwa kupata hukumu yenyewe. Hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Pakua nakala nzima, ichapishe kama una karatasi, na andika juu ya ukurasa wa kwanza mambo manne: mahakama gani, namba ya shauri, tarehe, na idadi ya majaji. Idadi ya majaji si pambo. Shauri la kudai haki za msingi chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi, Sura ya 3, husikilizwa Mahakama Kuu na majaji watatu. Ukiona jaji mmoja, huenda unachosoma ni hatua ya awali tu, pale anapoangalia kama ombi lina mashiko ya kupelekwa kwa jopo. Mahakama ya Rufani hukaa na majaji watatu kwa kawaida. Ukiwakuta watano au saba, jua kuna jambo zito, pengine hata wameombwa kuuacha msimamo wao wa zamani.

Kisha jiulize kama ulichoshika ni hukumu au uamuzi mdogo. Hapa ndipo redio nyingi zinapoanguka. Mashauri mengi ya kikatiba hayafiki kwenye hoja ya haki. Huishia kwenye pingamizi la awali la mawakili wa Serikali, kwamba hati ya kiapo, yaani maelezo aliyoyaapia mwombaji, ina kasoro, kwamba kifungu kilichotumika kufungua shauri si chenyewe, kwamba mwombaji hajaonyesha alivyoathirika yeye binafsi. Hilo la mwisho liliongezewa nguvu mwaka 2020, Bunge lilipoweka sharti la hati ya kiapo inayoeleza jinsi mwombaji mwenyewe alivyoguswa, na sharti hilo nalo likapelekwa mahakamani. Shauri likiondolewa kwa kasoro ya namna hiyo, mahakama haijasema lolote kuhusu haki yenyewe. Mwombaji anaweza kurekebisha na kurudi. Likitupwa baada ya hoja kusikilizwa na kupimwa, habari ni nyingine: mlango uliobaki ni rufani. Mwandishi anayeandika "mahakama yabariki sheria kandamizi" kumbe shauri limeondolewa kwa sababu ya kiapo, amewadanganya wasomaji wake hata kama hakukusudia.

Sasa soma, lakini usianze mwanzo. Anza na ukurasa wa mwisho. Andika amri kwa maneno yako, sentensi moja kwa kila amri. Halafu rudi mbele utafute sababu za rufani, au maombi kama shauri ni la kwanza. Halafu, kabla hujagusa hoja za jaji, funga hukumu na ufungue sheria inayolalamikiwa, usome kifungu chenyewe kizima, pamoja na vifungu vidogo vyake. Baada ya hapo ndipo usome katikati, kwa kalamu mbili. Ya bluu napigia mstari kila mahali ambapo jaji anaeleza hoja za mawakili, nyekundu kila mahali anaposema mahakama inaona nini. Utashangaa ni mara ngapi watu hunukuu ya bluu wakidhani ni nyekundu. Aya inayoanza kwa kusimulia alichosema wakili msomi wa mrufani bado ni maneno ya wakili, hata yakiwa matamu namna gani.

Tuchukue mfano wa kesi ya umri wa ndoa, Rebeca Gyumi dhidi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kila mtu anaijua, na karibu kila mtu anaieleza nusu. Tufuate utaratibu wangu.

Amri kwanza. Julai 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinakiuka Katiba, ikaielekeza Serikali, kupitia kwa Mwanasheria Mkuu, ivirekebishe ndani ya mwaka mmoja na kuweka miaka 18 kuwa umri wa chini wa kuoa na kuolewa. Serikali ikakata rufani. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufani hiyo.

Kifungu chenyewe sasa. Kifungu cha 13 kinaweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na kinaruhusu mahakama kutoa ruhusa kuanzia miaka 14 kukiwa na mazingira maalumu. Kifungu cha 17 kinahusu ridhaa ya baba, au mama, au mlezi, kwa msichana ambaye hajatimiza miaka 18. Ukivisoma vyote viwili swali linajichora lenyewe: je, sheria inaweza kuweka umri mmoja kwa mvulana na mwingine kwa msichana bila kugongana na ibara ya 12 na ya 13, zinazohusu usawa wa binadamu na usawa mbele ya sheria? Hilo ndilo swali. Kesi haikuuliza kama ndoa za utotoni zina madhara kiafya, ingawa madhara hayo yalizungumzwa. Haikuuliza kama wazazi waadhibiwe. Ukiandika maoni kana kwamba mahakama imetunga kosa jipya la jinai, umetoka nje ya hukumu.

Rudi kwenye amri, maana hapo pana kitu ambacho wengi hukiruka. Mahakama haikuishia kuvifuta vifungu na kwenda nyumbani. Ilitumia ibara ya 30(5) ya Katiba, inayoiruhusu badala ya kutamka sheria ni batili, kuipa Serikali nafasi ya kurekebisha kasoro ndani ya muda itakaoutaja, na sheria huhesabiwa kuwa halali mpaka irekebishwe au muda uishe, kutegemea lipi litatangulia. Kwa hiyo swali zuri la kuandikia makala, ambalo mimi ningempa kijana alifanyie kazi wiki nzima, ni hili: muda ukiisha na Bunge halijagusa kitu, vifungu vile vina hali gani? Msajili wa ndoa aliyeletewa binti wa miaka 16 mwaka 2021 alipaswa kufanya nini? Miaka ilipita baada ya 2019 huku vifungu vikiendelea kusomeka vilevile kwenye kitabu cha sheria. Swali hilo lina faida kuliko kurasa kumi za kushangilia, na huwezi kulifikia kama hukusoma amri.

Tofauti ya kilichosemwa na kilichoamriwa inaonekana vizuri zaidi kwenye kesi ya Mbushuu, ya adhabu ya kifo. Mwaka 1994 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alisema adhabu hiyo ni kinyume cha Katiba. Shauri likapanda Mahakama ya Rufani, na mwaka 1995 majaji wake wakakubali kwamba adhabu ya kifo kwa asili yake ni ya kikatili na inadhalilisha. Ukiishia hapo na kuandika "Mahakama ya Rufani yalaani adhabu ya kifo", kila neno lako lina ukweli, na bado msomaji ataondoka na picha iliyopinduka. Kwa maana majaji waliendelea: wakasema adhabu hiyo imeokolewa na ibara ya 30(2), inayoruhusu sheria kuwekea haki mipaka kwa maslahi ya umma. Adhabu ikabaki. Yule aliyeanza na ukurasa wa mwisho asingenaswa.

Na tukiwa hapo kwenye ibara ya 30(2), kaa kidogo. Hii ndiyo ibara ambayo kesi karibu zote za haki hufia au huponea. Hakuna haki ya kikatiba inayosimama peke yake. Upande wa Serikali utakuja siku zote na 30(2) mkononi, ukisema ndiyo, haki imeguswa, lakini imeguswa kwa ajili ya usalama, amani, maadili, au faida ya wote. Mahakama ya Rufani ilishaweka kipimo mapema. Katika Kukutia Ole Pumbun, mwaka 1993, palipolalamikiwa sharti la kupata ridhaa ya Serikali kabla ya kuishitaki Serikali yenyewe, majaji walieleza kwamba sheria inayobana haki lazima ipite vizingiti viwili. Kwanza isiwe ya kionevu: iwe na kinga za kutosha dhidi ya maamuzi ya kiholela, na njia ya kuyadhibiti. Pili, ibane kwa kadiri inayohitajika tu kufikia lengo halali. Sharti la ridhaa likaanguka.

Unaposoma hukumu yoyote ya haki, andika vizingiti hivyo viwili pembeni mwa karatasi na uangalie kama majaji wamevipitia kimoja kimoja. Mara nyingine utakuta wameruka cha pili. Wameonyesha kwamba lengo la sheria ni jema, wakaishia hapo, bila kuuliza kama njia ndogo zaidi ingetosha. Ukiona hivyo umepata hoja ya kuandika, hoja ya kweli ambayo hata jaji mwenyewe akiisoma hawezi kusema umemtukana. Kukosoa hukumu kwa kipimo ambacho mahakama yenyewe ilijiwekea kuna nguvu kuliko kuikosoa kwa kipimo cha nchi nyingine. Wanafunzi wengi hukimbilia Afrika Kusini na India kabla hawajamaliza ya hapa. Sipendi. Nenda huko ukiwa umeshakula cha nyumbani.

Kabla ya kuandika sentensi ya kwanza, hakikisha hukumu bado iko hai. Hili huwaumbua hata mawakili. Mei 2019 Mahakama Kuu, katika shauri la Bob Chacha Wangwe, ilivibatilisha vifungu vya Sheria ya Taifa ya Uchaguzi vilivyowafanya wakurugenzi wa halmashauri kuwa wasimamizi wa uchaguzi. Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikaupindua uamuzi huo. Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kile kinachotaja makosa yasiyo na dhamana, kinakiuka Katiba. Ilipofika Agosti, Rufani ikakirudisha. Mpaka leo nakutana na maandiko yanayonukuu zile za Mahakama Kuu kana kwamba hakikutokea kitu baada yake.

Hiyo ya Sanga ina somo jingine. Ukitaka kuiandikia, usiisome peke yake. Weka pembeni yake Daudi Pete ya mwaka 1991, ambapo Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali ilikifuta kipande kimoja cha kifungu hichohicho, 148(5)(e), kwa sababu kilimnyima mtu dhamana bila kuweka utaratibu wowote na kwa upana uliowakumba hata wasiostahili. Mahakama ileile, kifungu kilekile, miaka karibu thelathini kati yake. Kwa nini kipande kilianguka mwaka 1991 na kifungu kikasimama mwaka 2020? Soma zote mbili ukitafuta jibu la swali hilo tu. Hapo kalamu nyekundu itafanya kazi.

Na zipo kesi ambazo uhai wake ni mrefu kuliko hukumu moja. Ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi haiandikiki kwa kuisoma mara moja. Mwaka 1994, Dodoma, Jaji Lugakingira alisema raia ana haki ya kugombea bila kudhaminiwa na chama. Mwaka huohuo Bunge likapitisha mabadiliko ya Katiba yenyewe kuziba njia hiyo. Mtikila akarudi Mahakama Kuu na mwaka 2006 majaji watatu wakamkubalia tena. Serikali ikakata rufani, na Juni 2010 jopo la majaji saba wa Mahakama ya Rufani likasema mahakama haina mamlaka ya kutamka kwamba ibara ya Katiba ni kinyume cha Katiba. Suala hilo ni la kisiasa na ni la Bunge. Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikaona Tanzania imekiuka Mkataba wa Afrika.

Mtu anayeniambia "Mtikila alishinda" namuuliza wapi, na lini. Anayeniambia alishindwa namuuliza vilevile. Ona pia jinsi swali lilivyobadilika njiani: mwaka 1994 lilikuwa je, sheria inakiuka Katiba, mwaka 2010 je, mahakama inaweza kuipima Katiba yenyewe, mwaka 2013 je, nchi imetimiza mkataba iliouridhia. Maswali matatu tofauti, yakajibiwa na mahakama tofauti, na majibu yote yanaweza kusimama kwa pamoja bila kugombana. Kwa kesi kama hizi chora mstari kwenye karatasi, tarehe moja baada ya nyingine, na chini ya kila tarehe andika swali. Usiandike mshindi.

Basi, kuandika. Hapa nitakwenda haraka kwa kuwa ukisoma vizuri kuandika hakukusumbui sana. Aya ya kwanza iseme swali na jibu. Sio historia ya haki za binadamu tangu Vita vya Pili vya Dunia. Nimefuta aya za namna hiyo mpaka kidole kimechoka. Nukuu kidogo na utaje ukurasa. Hukumu nyingi, hasa za zamani, ni za Kiingereza, ingawa sheria ya mwaka 2021 ilikifanya Kiswahili lugha ya mahakama, kwa hiyo unapoeleza kwa Kiswahili maneno ya jaji usiyawekee alama za kunukuu kana kwamba ndivyo alivyotamka. Eleza kwa lugha yako na uonyeshe ukurasa, msomaji akapime mwenyewe.

Jaji asiyekubaliana na wenzake, ukimpata, soma maoni yake yote. Hayafungi mtu, lakini ni mahali pa kwanza ambapo udhaifu wa hoja za wengi huonekana, umeandikwa na mtu aliyesikiliza kesi ileile.

Kosoa hoja, mwache mtu. "Jopo halikueleza kwa nini njia ndogo isingetosha" ni ukosoaji. "Majaji wametumwa" ni tuhuma, na tuhuma inataka ushahidi, la sivyo utajikuta unajibu shitaka la dharau ya mahakama. Kama shauri bado linaendelea, eleza hoja za pande zote na mlolongo wa kesi, usitabiri matokeo wala kumfundisha jaji aamueje. Kama uliwahi kumwakilisha mmoja wa wahusika, sema hivyo juu kabisa, kabla msomaji hajakukubalia lolote. Na katika mashauri yenye watoto au waathirika wa ukatili wa kijinsia, hata kama jina limeponyoka kwenye nakala ya hukumu, wewe lifiche. Herufi za mwanzo zinatosha.

Mpe rasimu mtu asiye mwanasheria. Mimi humpa katibu muhtasi wetu, mama asiye na muda wa kuchezea. Akimaliza namwomba aniambie mahakama imeamuru nini na nani sasa anapaswa kufanya nini. Akishindwa, rasimu inarudi kwa mwenyewe.

Baada ya kuchapisha, fungua kalenda. Katika madai, anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani hutoa taarifa ya kusudio la kukata rufani ndani ya siku 30 tangu uamuzi, kisha ana siku 60 tangu taarifa hiyo kuwasilisha rufani yenyewe. Weka alama kwenye tarehe zote mbili, na zikifika piga simu masjala au uliza wakili wa upande wowote. Taarifa ikiwa imetolewa, ongeza mstari juu ya makala yako, wenye tarehe, unaosema hivyo. Rufani ikiamuliwa, ongeza mwingine unaosema matokeo na namba ya shauri la rufani. Maoni yako ya mwanzo yaache kama yalivyo, hata kama Mahakama ya Rufani imeona tofauti na wewe.